Ndoo Sita na Mgonjwa wa Saba

Mke wangu ni muuguzi, na ukitaka kujua ni muuguzi wa namna gani, njoo nyumbani kwetu ukohoe. Hutafika kikohozi cha pili kabla hujaambiwa ukae, ufungue mdomo na useme aaa. Amefanya kazi wodini miaka ishirini na sita. Miaka ishirini na mitatu kati ya hiyo amekuwa pia mke wangu, na sidhani kama anaona tofauti kubwa kati ya kazi hizo mbili. Jengo zima linamwita Sista. Mimi pia namwita Sista. Hata pacha wetu, ambao ni watu wazima na wana nyumba zao, wakinipigia simu huuliza kwanza, "Baba, Sista yuko zamu gani?"

Mimi ni fundi majokofu. Karakana yangu iko chini ya jengo hilohilo tunaloishi, mlango wa tatu kutoka kwa kinyozi, na sisi tunakaa ghorofa ya pili. Ni ngazi thelathini na sita tu kati yangu na sahani yangu ya chakula. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba nilikuwa karibu muda wote wa mambo haya, na sina kisingizio.

Mambo yenyewe yalianza mama mkwe alipohamia kwetu. Alikuwa akiishi peke yake kwenye nyumba yake yenye uwanja mpana, na uwanja wote ulikuwa bustani. Nyanya, pilipili, mchicha, biringanya, usingepata pa kuweka mguu. Siku moja asubuhi akateleza akiwa na ndoo ya maji, akavunjika nyonga, na akalala pale chini mpaka mchana ndipo jirani akamsikia. Alifanyiwa upasuaji, akapona polepole, na siku ya kuruhusiwa Sista akatangaza kwamba mama yake harudi kule kuishi peke yake. Nasema akatangaza kwa sababu hakukuwa na nafasi ya kuchangia mawazo.

Mama mkwe hakubisha. Alikuja na mkongojo wake, sanduku la nguo, mfuko mkubwa wa turubai uliofungwa kwa kamba, na kopo la maziwa ya unga lililokuwa na miche sita ya nyanya. Sanduku Sista alilifungua palepale, akapanga nguo kabatini kwa rangi. Alipoushika ule mfuko, mama yake akaugonga kwa mkongojo.

"Huo uache hapo mlangoni. Usifunguliwe mpaka tujue."

"Tujue nini, Mama?"

Mama mkwe akaomba apelekwe roshani. Akasimama pale akiangalia sakafu ya saruji, ukuta mweupe, na karatasi za plastiki ambazo Sista alikuwa amezifunga kwenye vyuma vya roshani kuzuia vumbi la barabarani.

"Hapa panaota nini?" akauliza.

"Hapa ni pa kupumzika, Mama."

"Mahali pasipoota kitu mimi sijui kupumzika." Akampa binti yake lile kopo. "Sikiliza. Miche hii ikizaa hapa, nitakaa. Hata nyanya moja tu, ila niione nyekundu kwa macho yangu. Ikishindwa, mnanirudisha kwangu, na asiwepo wa kunizuia, hata wewe na sindano zako."

Sista alicheka. "Mama, mimi naangalia wagonjwa thelathini kwa zamu moja. Nyanya sita zitanishinda?"

"Haya. Basi kwanza, hizo ndoo zako..."

"Mama." Sista aliinua kidole, kile cha wodini. "Wewe kazi yako ni moja, kupumzika. Usibebe kitu, usiguse kitu, usiwaze kitu. Haya mengine niachie mimi."

Mama mkwe akafunga mdomo. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, na nakuambia niliusikia ukifungwa.

Jioni hiyo nikamkuta Sista jikoni, amesimama mbele ya sufuria ambayo haikuwa na kitu. Alisema, "Baba Pacha, akirudi kule, kila nikifumba macho nitamwona amelala pale uani." Alijua alichokuwa anakisema, kwa sababu wanaovunjika nyonga mara ya pili huletwa wodini kwake, na si wote wanaotoka. Kwa hiyo usinione nacheka katika habari hii ukadhani jambo lilikuwa dogo. Ilikuwa lazima nyanya ile izae.

Sista alifungua wodi. Sina neno jingine. Alichukua ndoo sita nyeupe, zote za ukubwa mmoja, akazimwagia maji ya moto, akazikausha juani zikiwa zimefudikizwa. Akajaza udongo na samadi, akapanda miche, akazipanga safu mbili zenye nafasi katikati ili wasiambukizane. Kila ndoo akaitundikia chati kwa uzi: kitanda namba moja, kitanda namba mbili, mpaka sita. Rangi ya majani, urefu, maji aliyokunywa asubuhi, maji aliyokunywa jioni.

"Na choo?" nikauliza.

"Baba Pacha, usinichezee."

Kulikuwa na chati ya saba. Hiyo ilitundikwa kwenye msumari ukutani, juu ya kiti alichowekewa mama mkwe palepale roshani. Presha, vidonge, usingizi, na mstari wa mwisho: matembezi, hatua kumi, akisaidiwa. Mama mkwe aliisoma mara moja tu. Baada ya hapo alikaa chini yake kutwa nzima, mkongojo katikati ya magoti, akiziangalia ndoo sita nazo zikimwangalia.

Wiki ya tatu majani ya chini yakaanza kuwa ya njano. Sista akayapindua, akayapapasa, akavuta kope ambayo haikuwepo, halafu akatoa jibu: upungufu wa damu. Ukicheka sasa ujue kwamba mimi pia nilicheka, na nilikiona cha moto. Alitoa kwenye pochi vidonge vya kuongeza damu, akavisaga kwa kisu cha mezani, akavikoroga kwenye maji, akawapa wagonjwa wote kwa kijiko.

"Ni kabla au baada ya kula?" nikauliza.

Kutoka kwenye kiti mama mkwe alikohoa. Sista akageuka haraka kumpima joto.

Unjano ukapanda. Ulitoka majani ya chini ukafika ya katikati, na roshani ikaanza kutoa harufu ambayo mimi naifahamu, ni ya jokofu lililozimwa wiki nzima likiwa na samaki ndani. Jumapili nikawa nafagia, nikanyanyua kitanda namba nne, mgongo ukalalamika. Ndoo ya udongo haiwi nzito namna ile. Nikaiinamisha kidogo, maji meusi yakaja juu. Nikatazama chini ya ndoo. Nikatazama nyingine. Zote zilikuwa nzima kama zilivyotoka dukani, hakuna hata kitundu kimoja.

"Sista," nikasema kwa sauti ya upole kabisa, "wagonjwa wako wamelala ndani ya beseni."

"Siwezi kutoboa. Nikitoboa, maji machafu yatatiririka sakafuni. Mimi wodi yangu haitiririshi maji machafu."

"Mizizi inazama."

Alifikiri. Ni muuguzi mzuri, na akionyeshwa kitu hang'ang'anii. Nikashuka kuchukua drili, nikatoboa kila ndoo matundu manane, nikaziinua juu ya vipande vya mbao na kuweka sinia chini. Maji yaliyotoka sitayaeleza. Baada ya siku kumi majani mapya yalikuja ya kijani, na Sista akaandika kwenye chati zote sita: wanaendelea vizuri baada ya upasuaji. Mchana ule mama mkwe akanitazama, akaniambia, "Mkwe, umekula?" Tangu nimwoe binti yake, mazungumzo yetu yalikuwa shikamoo na marahaba. Kwa hiyo hilo swali nililipokea kama nishani.

Nyanya zikarefuka, zikafungwa kwenye fito, zikatoa maua. Sista alishika simu akawapigia pacha wote wawili kuwaambia habari za maua. Halafu akaona kijidudu. Kilikuwa kidogo, cheupe, kinaruka jani hadi jani, na kwa mtu ambaye miaka ishirini na sita amefukuza nzi wodini, kimoja kilitosha. Kabla jua halijazama ndoo zote sita zilikuwa chini ya chandarua kikubwa, kimebanwa pembeni kwa matofali, na plastiki za kwenye vyuma zimekazwa upya. Hakuna kilichoweza kuingia mle. Hata hewa ilikuwa inabisha hodi.

Maua yakaanza kuanguka. Yalikuwa yanafunguka vizuri, manjano safi, siku mbili tatu, halafu kikonyo kinakuwa cha njano na ua linadondoka bila kuacha kitu. Sista aliyahesabu. Kitanda namba moja, maua manne, marehemu. Kitanda namba tatu, maua sita, marehemu. Kuna asubuhi nilimkuta amekoroga chumvi na sukari kwenye jagi, ule mchanganyiko wa watu wanaoharisha, yuko njiani kwenda roshani. Tulinyang'anyana jagi kwenye korido, watu wazima sisi, mpaka nikalimwaga sinki.

"Chumvi itawaua!"

"Basi leta wazo lako!"

Nilimwambia labda hewa haizunguki mle ndani, na yeye akasema mimi kila kitu nakiona jokofu. Hapo tungesimama kidogo tukafikiri, kwa sababu nilikuwa nimelikaribia jibu kuliko siku zote. Lakini wote wawili tulikuwa tumekasirika na tukaenda kazini.

Siku mbili baadaye umeme ukakatika saa sita mchana. Fundi majokofu bila umeme ni mtu wa kupiga soga na kinyozi, na kinyozi siku hiyo alikuwa na mteja asiyependa soga, kwa hiyo nikapanda nyumbani. Sista alikuwa zamu ya mchana. Nikaingia kimya, nikaenda moja kwa moja roshani kumsalimia mama mkwe, nikakuta kiti kitupu.

Halafu nikamwona. Alikuwa amesimama katikati ya wodi, chandarua amekifunua na kukitupia begani kama kanga, mkongojo umeegemezwa ukutani mbali kabisa na yeye. Mkononi alikuwa na kijiko cha chai. Alikuwa anagonga vikonyo vya maua kwa kijiko, polepole, tik tik tik, ua moja hadi lingine, na kila akigonga vumbi dogo la njano linaruka.

Tulitazamana.

"Shikamoo, Mama," nikasema.

"Marahaba, Mkwe." Akaendelea kugonga. "Ua la nyanya halina haja ya mchumba. Dume na jike wote wamo ndani ya ua lilelile. Linataka kutikiswa tu. Kwangu upepo ndio ulikuwa unatikisa, na nyuki wanasaidia. Huku mkeo amewafungia nje wote."

"Mbona hukumwambia?"

"Ameniambia nipumzike. Nimepumzika."

Akamaliza kitanda namba sita, akarudisha chandarua, akakibana kwa tofali vilevile kilivyokuwa. Kisha akatembea hadi kwenye kiti. Nilihesabu: hatua kumi na tano, bila kusaidiwa na mtu, bila mkongojo. Akaketi chini ya chati yake na kufuta kijiko kwa upindo wa gauni.

"Hukuona kitu, Mkwe."

"Mimi, Mama? Nimekuja kuchukua bisibisi."

Nikashuka na bisibisi ambayo sikuihitaji. Mtu mwenye akili angejiuliza swali moja pale kwenye ngazi: kama huyu mama anataka kurudi kwake, na maua yakianguka ndiyo anarudi, kwa nini ayatikise? Mimi nilijiuliza umeme utarudi saa ngapi.

Baada ya wiki moja na nusu vikonyo vikashika. Vijinyanya vidogo, kijani, ukubwa wa punje ya kunde, halafu wa gololi. Sista alikuwa hajiwezi kwa furaha. Alisema ni chandarua. Alisema wodi yoyote ukiilinda dhidi ya wadudu lazima ipate matokeo. Mama mkwe aliafiki kwa kichwa, na mimi nikasoma gazeti la juzi.

Kufikia hapo zilikuwa nyanya kumi na moja. Naikumbuka namba hiyo kwa sababu Sista aliisema mezani kila siku. Kisha akapangiwa zamu za usiku kwa wiki tatu. Anaondoka jioni, anarudi asubuhi, analala mchana. Maji ya wagonjwa nikakabidhiwa mimi: nusu jagi asubuhi, nusu jagi jioni, kila kitanda, na tiki kwenye chati.

"Ni kazi ndogo, Baba Pacha."

"Mimi naijua kazi," nikamjibu.

Joto lilikuwa limepanda, na joto likipanda majokofu ya mtaa mzima hukumbuka kufa kwa pamoja. Nilikuwa natoka mapema na kurudi nimechoka. Siku ya kwanza ya kusahau niliweka tiki ili Sista asihangaike. Siku ya pili nikaweka tiki kwa sababu ya jana yake ilikuwa imekaa vizuri. Siku ya tatu nikaona majani yamelala, nikaingiwa na hofu, nikamwaga jagi zima na nusu kila ndoo kulipia. Nikaweka tiki. Ikawa ndiyo ratiba yangu, siku mbili kiu na siku moja mafuriko, na chati zikawa nzuri kuliko wakati wowote.

Nyanya zikafika ukubwa wa yai, na moja ikafanya doa jeusi kitakoni. Doa likapanuka, likadidimia, gumu, utadhani mtu ameibandika pasi. Kisha ya pili. Sista akavaa glovu. Akasema ni maambukizi, akakitenga kitanda namba mbili bafuni, na kwa siku nne nikaoga huku nikiangaliwa na mnyanya. Kikafuata kitanda namba tano. Nilioga mbele ya mashahidi wawili. Haikusaidia. Kila asubuhi akirudi kutoka kazini, kabla hajavua viatu, alikuwa anakuta nyingine imeungua kitako.

Jumamosi ya wiki ya tatu alirudi, akaenda roshani, na hakutoka. Nikamfuata na kikombe cha chai. Alikuwa amekaa sakafuni na sare yake nyeupe, yeye ambaye hakai popote bila kupafuta kwanza. Mbele yake kulikuwa na nyanya ya kumi, nyeusi chini. Chati zote sita alikuwa amezipanga mapajani.

"Nimetafuta," akasema. "Nimepitia kila kitu. Si udongo, tumeubadilisha juu. Si wadudu. Na maji yamekwenda sawasawa, nusu jagi mara mbili kila siku, tiki hizi hapa. Kwa hiyo si maji. Sijui ni nini."

Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake. Hakumtazama binti yake. Alinitazama mimi.

Sista akafuta uso kwa kiganja. "Mama, nimeshindwa. Ile moja iliyobaki nayo itaoza. Nilikuahidi na wewe uliniahidi. Nitaomba likizo, nitakurudisha mwenyewe." Halafu akalia. Sijamwona Sista akilia zaidi ya mara mbili, na moja ilikuwa siku pacha walipozaliwa, kwa hiyo hiyo haihesabiki.

Mimi kazini nina wateja wa aina hii. Mtu analeta jokofu, unamwuliza limeanza lini, anakuambia jana, kumbe ni mwezi mzima na yeye mwenyewe amelichokonoa kwa kisu. Unatafuta siku tatu ugonjwa ambao angekuambia kwa neno moja. Huwa nawachukia sana watu hao. Nikaweka kikombe chini.

"Ni maji," nikasema.

"Si maji. Tiki..."

"Tiki ni za uongo, Mama Pacha."

Nikamweleza yote, kiu na mafuriko, siku kwa siku kadiri nilivyokumbuka. Alinisikiliza bila kupepesa. Ningefurahi angenipigia kelele. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Umejaza chati ya uongo," na nikajua kwamba wodini kwake hilo ni kosa la kufukuzwa mtu akiwa hata hajavua aproni.

"Angalau amesema," akasema mama mkwe.

Sista akageuka. "Mama, wewe ulijua?"

"Alikuwa ananipita na jagi mbele ya pua. Nyanya ikinyweshwa leo, ikasahauliwa kesho, inaozea kitako, hata udongo uwe mzuri namna gani. Inashindwa kuvuta chakula. Nilijua hiyo. Nilijua maua, na nilijua ndoo."

"Mbona hukusema?"

"Nilisema. Siku ya kwanza, nilisema 'kwanza hizo ndoo zako', ukaniinulia kidole." Sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa imechoka. "Miezi mitatu nimekaa hapa. Umenipima presha kila siku asubuhi na jioni. Umeniuliza kama nimelala, kama nimekula, kama nimekwenda chooni. Hukuniuliza kitu kingine hata kimoja. Mimi nimepanda nyanya tangu wewe hujazaliwa."

Sista alizikusanya chati sita, akaziweka pembeni, akajisogeza sakafuni hadi miguuni kwa mama yake.

"Mama, sasa nifanye nini?"

"Rudia."

"Nifanye nini, Mama? Sijui."

Mama mkwe akaweka mikono kwenye kiti, akasimama. Sista aliruka kumshika, akasogezwa kando kwa kiwiko.

"Mkwe, niletee mfuko wangu."

Miezi mitatu ule mfuko ulikuwa umekaa pale mlangoni, tumeuruka tukitoka na tumeuruka tukiingia, na kila mtu alijua ni wa kuondokea. Sista akasema, "Mama, tafadhali." Nikauleta. Ulikuwa mzito kuliko nguo. Mama mkwe akafungua kamba kwa meno, akaumwaga sakafuni.

Hapakuwa na nguo hata moja. Kulikuwa na kijembe kifupi cha mpini uliong'aa kwa mikono, kopo la kumwagilia lililotobolewa kwa msumari, matambara yaliyochanwa vipande vya kufungia mashina, na vifurushi vidogo vya gazeti, labda ishirini, vyote vya mbegu. Pilipili, biringanya, mchicha, bamia. Kila kimoja kimeandikwa kwa penseli.

Sista alikishika kifurushi cha bamia na kukigeuzageuza. "Kumbe ulikuja kukaa."

"Wewe ulidhani nimekuja kutembea na kijembe? Nilikuja kukaa. Nilitaka kujua kwanza kama mna haja na mimi, au mmenileta kulala." Akamkabidhi kopo lenye matundu. "Maji kidogo, kila siku, saa ileile. Majani makavu juu ya udongo, usipigwe na jua. Na ondoa hicho chandarua, watu hawapumui."

Tulikiondoa asubuhi ileile, na plastiki za kwenye vyuma pia. Vumbi liliingia, Sista akalitazama likitua sakafuni, akajizuia. Nami nilipewa adhabu yangu. Kuna chati ya nane nyumbani kwetu, iko kwenye mlango wa jokofu. Ina jina langu na mstari mmoja tu, amesema ukweli leo, na anayeweka tiki ni mama mkwe.

Nyanya ya kumi na moja ilikuwa kitanda namba tatu, imejificha nyuma ya jani, na ilipona. Ilichukua siku kumi na tisa kuwa nyekundu. Ilikuwa ndogo, ina ufa begani, na Sista alinizuia kwenda karakana mpaka ikatwe. Aliikata vipande vitatu sawasawa, kwa kisu alichokichemsha. Mama mkwe akatafuna kipande chake akiwa amefumba macho.

"Ina maji mengi," akasema, akalamba vidole.

Sista akainuka, akaishusha chati ya saba kutoka kwenye msumari. Akatoa kalamu kwenye mfuko wa sare, akaandika neno moja chini kwa herufi kubwa, akamwonyesha mama yake. Ameruhusiwa.

Mama mkwe alilisoma kwa muda. "Kwenda wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

Sista alionyesha kwa kidole, kilekile cha wodini, chini, sakafuni pale walipokuwa wamesimama.

Mama mkwe akachukua kijembe chake, akakielekeza kwenye kitanda namba sita kilichoziba mlango wa roshani.

"Basi niondoleeni hiyo ndoo mlangoni kwangu," akasema, "nataka kupita."